Moja ya Wazazi, Tano ya Vijana

Kila Jumatano, shule zikifungwa saa sita mchana kama ilivyo desturi ya Brussels, Rolande alikwenda moja kwa moja saluni kwa mama yake, Maman Claudine, mtaani Matonge, mtaa wa Wakongo. Alifagia nywele, akapanga mafungu ya rasta kwa rangi, kisha akakaa pembeni na kompyuta yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa kompyuta hakuwa na mpinzani. Hilo hukuhitaji kuambiwa na mtu, mwenyewe alikueleza.

Siku hizo alikuwa akitengeneza programu ya kuchezea nyimbo za kwaya ya parokia yao. Kiongozi wa kwaya, Tonton Jean-Marie, alikuwa amerekodi nyimbo kumi mazoezini, na tano tu ndizo zingeingia studio Jumamosi ya wiki iliyofuata. Waimbaji na wazazi wangezisikiliza kwenye simu zao na kutoa alama. Chini ya kila wimbo Rolande aliweka vitufe vitano: 1, 2, 3, 4, 5. Hakuandika neno lolote. Tano ndiyo bora kabisa, nani asiyejua?

"Maman, jaribu kidogo."

Maman Claudine akasikiliza wimbo wa Donat, kijana wa miaka kumi na minne aliyeutunga mwenyewe kwa mahadhi ya zamani ya Bukavu. Alizima mashine ya kukaushia nywele, akatikisa mabega, akabonyeza 1.

"Maman! Umeupa moja?"

"Eh, un! Wa kwanza! Kwetu ku masomo, muntu akiwa wa kwanza, darasa nzima inamupigia makofi. Wa tano nitamupongeza juu ya nini?"

Rolande akaelewa papo hapo. Wazazi wote wa kwaya walisoma huko huko Kongo. Kuandika maneno mawili juu ya vitufe ilikuwa kazi ya dakika tano. Lakini akamkumbuka Donat, mwezi uliopita, akitangaza mbele ya kwaya nzima kwamba programu za Rolande zinawafaa watoto wa chekechea. Watu walicheka mpaka machozi, naye moyo ukamchoma. Tena kulikuwa na wimbo mmoja wa vijana ambao Rolande ndiye aliyekuwa mwimbishaji wake. Wazazi walisema ni kelele tupu. Basi wangeupa tano, wakimaanisha wa mwisho, na programu ingeuhesabu bora!

"Shauri yao," akajisemea, akafunga kompyuta.

Jumapili baada ya misa, ukumbi wa parokia ulijaa. Simu zikatolewa, vitufe vikabonyezwa, kisha Rolande akaonyesha matokeo ukutani. Wimbo wake ulikuwa wa kwanza. Wa Donat ulikuwa wa kumi.

Lo! Moto ukawaka. Maman Myriam, mama yake Donat, alisimama. Alikuwa mwanamke anayesafisha ofisi kule Schuman tangu saa kumi na moja alfajiri, na hakuwa na subira na mchezo wa mtu.

"Nani aliharibu hii mambo? Mi nilipenda wimbo wa mutoto wangu. Papa Donatien alipenda. Maman Claudine alipenda. Alors, zile kura zilienda wapi?"

"Programu haina ndugu, maman," Rolande akajibu kwa ukavu. "Ninyi wenyewe ndio mmebonyeza."

"Wazee hawajui simu!" kijana mmoja akadakia kutoka nyuma.

Hapo wazee nao wakachachamaa. Huyu anafoka, yule ananyoosha kidole. Papa Donatien, mzee wa parokia aliyekuwa mkali kuliko wote, akagonga meza kwa fimbo na kusema watoto wa Ulaya wameota mapembe. Donat alimtazama Rolande kwa jicho baya, akalitupa daftari lake la nyimbo sakafuni, akatoka nje kwenye mvua. Rolande alitaka kufurahi. Furaha yenyewe ikagoma kuja.

Jumatano, Maman Myriam aliingia saluni bila salamu. Hakukaa kitini.

"Sitasukwa hapa tena, Claudine. Mutoto wako amemuvunja wangu. Kesho Donat atarudisha shati ya kwaya, na kuimba kumeisha."

Mlango ukafungwa kwa kishindo. Miaka tisa walikuwa wakisukana, wakicheka na kugawana sombe ya majani ya muhogo! Maman Claudine alibaki na kitana mkononi. Kisha akamgeukia binti yake.

"Rolande. Mi nilikuambia hapa hapa kwamba kwangu un ni wa kwanza. Ulijua?"

"Maman, programu ilikuwa..."

"Sikukuuliza programu. Nimekuuliza wewe. Ulijua?"

Rolande akatazama sakafu. "Nilijua."

Maman Claudine hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Bon. Kesho ku mazoezi utasema wewe mwenyewe. Mi sitakuombea msamaha kwa muntu."

Alhamisi jioni ukumbi ulikuwa umenuna. Wazazi walikaa upande huu, vijana upande ule. Donat alisimama karibu na mlango, shati la kitenge limekunjwa kwapani, mama yake kando.

Rolande alisimama mbele. "Wazazi wengi walibonyeza moja wakimaanisha wa kwanza," alisema. "Programu ikahesabu moja kuwa mbaya kabisa. Wimbo wenu mlioupenda ukaanguka, na wangu msioupenda ukapanda. Nililijua hilo kabla hamjabonyeza."

"Ulijua, ukanyamaza?" Donat akauliza.

"Ndiyo. Ulinicheka mbele za watu, nikakuchukia. Nikataka ushindwe."

Minong'ono ikavuma. "Mwizi!" mtu akatamka, na hakuna aliyemkanya. Vijana wenzake wakamsonya. Rolande alilia, lakini hakuondoka.

Tonton Jean-Marie akainua mkono. "Umetengeneza nyingine?"

Alikuwa ametengeneza usiku uliotangulia. Nambari zote alizifuta. Chini ya kila wimbo sasa palikuwa na vitufe vitatu vyenye maneno: *Naupenda sana*, *Ni wa kawaida*, *Sijaupenda*. Ukibonyeza kimoja, chini yake panatokea maandishi: *Umesema unaupenda sana wimbo huu*.

"Mpe Papa Donatien," tonton akasema. "Usimweleze neno hata moja. Akilazimika kukuuliza, kazi haijaisha."

Papa Donatien alivaa miwani, akabonyeza, akasoma, akaguna. Kisha akakunja uso. "Na kama nimekosea? Nafanya nini?"

Rolande alifungua mdomo ajibu, akakumbuka, akaufunga. Alikaa chini, akaongeza kitufe cha nne: *Badilisha*. Papa Donatien akajaribu tena, mara hii kimya, mpaka wimbo wa kumi. Hakuuliza kitu.

Watu wote wakatoa alama upya. Wimbo wa Donat ukawa wa pili. Wimbo wa Rolande ukawa wa saba, nje ya studio. Alisoma matokeo mwenyewe, kwa sauti, jina baada ya jina, pamoja na la kwake.

Hakuna aliyepiga makofi. Maman Myriam alilichukua shati kwapani mwa mwanawe, akalikung'uta na kumvisha juu ya sweta. Kwa Maman Claudine alisema tu, "Jumamosi asubuhi, kabla ya studio, nitakuja. Uniwekee kiti." Maman Claudine akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga.

Tonton Jean-Marie akamwita Rolande kando, lakini alisema kwa sauti ya kutosha wote wasikie.

"Mtoto wangu, kutokujua si dhambi. Ungekuwa hukujua, tungerekebisha na kucheka. Lakini anayeuliza swali ndiye mwenye kazi ya kueleweka. Ukimuuliza mtu kwa namna unayojua hataielewa, hujamuuliza. Umemwibia jibu lake. Leo umelirudisha, tena umelipia kwa wimbo wako. Hilo ndilo la kujivunia, si ile kompyuta."

Rolande akaenda kusimama mstari wa nyuma, karibu na Donat.

"Sijakusamehe," Donat akamnong'oneza bila kugeuka.

"Najua."

"Kiitikio kinaanza juu. Usikiharibu."

Tonton akahesabu, Donat akaanzisha wimbo wake, na Rolande akaitikia kwa nguvu zake zote.