Kichwa cha Belyse

Soko la Kaberebere lilikuwa limefurika watu asubuhi hiyo, na Belyse alikuwa amevaa gauni jeupe. Kosa lake la kwanza, ukiniuliza mimi. Nani huvaa jeupe siku ya kutoka kambi ya Nakivale kwenda mjini Mbarara, na vumbi lote lile? Lakini ilikuwa siku yake ya kwanza chuoni, na binti huyu wa Kirundi alitaka wamwone msichana kabla hawajamwona mkimbizi.

Alikuwa anachagua ndizi tamu za kula njiani, bodaboda ikafunga breki karibu yake. Kamba ya nyuma ikakatika, gunia likaanguka na kupasuka miguuni pake. Tope la kijivu likamrukia mpaka kiunoni.

"Pardon, dada yangu, pardon!" Kijana mrefu aliruka kutoka kwenye pikipiki. "Kamba njo ilikatika."

"Ni nini hiki?"

"Udongo."

"Udongo! Mbarara hawana udongo?"

"Iko, lakini haiko muzuri sawa hii. Hii ilitoka pembeni ya ziwa. Inasikia mukono."

"Na gauni langu linasikia nini?"

Kijana alitaka kucheka, akajizuia. Aliitwa Néhémie, Mkongo kutoka upande wa Fizi, fundi matofali pamoja na mama yake pale Nakivale. Alipoeleza kwamba anaupeleka udongo chuoni, kwenye darasa lake la uchongaji na ufinyanzi, Belyse alifumba macho. Na yeye alikuwa ameandikishwa darasa hilohilo.

Mwalimu wao, Madam Mukamazimpaka, alikuwa mama mnene wa Mbarara mwenye aproni ngumu kama turubai. Wiki mbili nzima hakuwaruhusu kuumba chochote. "Nyinyi, kanda tu!" alisema akipita katikati ya meza. "Hewa ikibaki ndani, moto itapasua kazi yako. Wewe utalia, mimi nitacheka."

Wiki ya tatu akawapanga wawili wawili. Kila mmoja angemfinyanga mwenzake kichwa kizima, na hiyo ndiyo ingekuwa kazi ya mtihani. Ila kabla ya kugusa udongo, sharti ufumbe macho umguse mwenzako usoni, vidole vikariri.

Belyse alipangwa na Néhémie.

"Naruhusiwa?" Néhémie aliuliza taratibu.

"Ulishanimwagia gunia zima. Vidole ndivyo unaviombea ruhusa?"

Vidole vyake vilikuwa baridi, vikinuka ziwa. Vilianzia kwenye paji, vikashuka penye kovu dogo la nyusi, vikapumzika kwenye shavu. Nje pikipiki zilipiga honi, mtu akitangaza mahindi ya kuchoma, na sauti zote zikawa mbali. Belyse alijiona kama anayeelea juu ya maji yaliyotulia, na hakutaka kufika ufukweni. Kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, hakuna aliyekuwa akimwandika kwenye orodha. Alikuwa anasomwa uso wake tu.

Jioni simu zikaanza. Belyse alilala chali kwa shangazi yake alikofikia, kule Nyamityobora mjini Mbarara, mto umefunika nusu ya uso.

"Leo pua yako ilinisumbua sana," Néhémie alisema.

"Pua yangu ina kosa gani, sheri?"

"Haina kosa. Ile njo shida."

Hivyo ndivyo walivyopendana, kichwa kikikua mezani na maneno yakikua kwenye simu. Mwezi ulipokaribia kwisha, Néhémie akaomba jambo moja: Belyse aende Nakivale, mama amwone. Wote wawili walijua maana yake. Msichana hapelekwi kwa mama wa mtu kwenda kuangalia matofali.

"Nipe muda," Belyse alijibu. Aliogopa. Kila alichowahi kukipenda kilibaki nyuma ya mpaka, na hakutaka kupenda kitu kingine cha kuachwa.

"Sawa," Néhémie alisema, akaaga. Neno hilo moja lilimuuma Belyse usiku kucha.

Kesho yake ikabidi aende Nakivale mwenyewe. Majina ya familia yalikuwa yanahakikiwa upya kwenye orodha ya wakimbizi. Foleni ilichukua siku mbili na simu ikaisha chaji. Aliporudi Alhamisi alinyoosha moja kwa moja mpaka darasani. Wenzake walikuwa wametoka kwenda kula. Alifunua kitambaa kibichi kwenye meza ya Néhémie.

Kichwa chake kilikuwa kimekatwa katikati, kutoka sikio hadi sikio. Ndani kimekombwa chote. Nusu ya uso ilitazama dari.

Basi, jibu langu limemkera mpaka amenipasua, alijiambia. Alikitupa kitambaa chini, akaziacha nusu mbili juani penye dirisha, akaondoka akilia waziwazi njia nzima.

Simu, baada ya kuwekwa chaji, ililia mara tisa. Ya kumi akapokea.

"Belyse! Nani alitoa kitambaa? Udongo inakauka!"

"Na wewe juu ya nini ulinikata kichwa? Ungesema tu hunitaki!"

Upande wa pili Néhémie akacheka. Belyse nusura aitupe simu.

"Mupenzi, njoo ufunue meza za wengine. Tafazali. Njoo tu."

Alikwenda, kwa hasira tu, nadhani. Akafunua meza ya kwanza, ya pili, ya tano. Vichwa vyote vilikuwa vimekatwa katikati na kukombwa, hata kile alichofinyanga Belyse mwenyewe, ambacho Néhémie alimkatia Jumanne. Madam Mukamazimpaka alimtazama juu ya miwani.

"Wewe ulikosa somo ya Jumanne, nyabo. Kichwa ikijaa udongo, moto inapasua. Unakata, unatoa ndani, unaunga tena. Sasa yenu imekauka, na kesho nachoma."

Belyse alitamani ardhi immeze. Mtihani wa Néhémie ulikuwa mikononi mwake, umekakamaa kama mkate wa juzi.

"Nisamehe," alisema.

"Leta maji," Néhémie alisema.

Mchana wote walizifunika nusu zile kwa vitambaa vibichi, wakabadilisha, wakangoja. Udongo ulipolegea, Néhémie alichanachana kingo kwa kijiti, Belyse akapaka uji wa udongo. Viwiko vyao viligusana na hakuna aliyeondoa chake. Kabla ya kuunga, Belyse alichukua kile kijiti, akaandika kitu ndani, juu utosini.

"Unaandika nini?"

"Unga kichwa, wewe."

Wiki iliyofuata kichwa kilitoka motoni chekundu, kizuri, na ufa mwembamba chini ya sikio. Belyse aliugusa, machozi yakamlenga.

"Huu ni wa kwangu."

"Minaupenda sawa ile kovu ya nyusi," Néhémie alisema. "Lakini jibu yangu?"

"Shingo iko wazi. Huna tochi?"

Akakipindua kichwa, akamulika ndani kwa simu. Herufi zilikuwa zimepinda: *Jumamosi. Mama asitie pilipili nyingi.*

Hakumbusu, watu walikuwa wengi. Alipiga simu palepale.

"Mama? Jumamosi iko mutu anakuja."

"Mutu gani?" Sauti ya mama ilisikika mpaka kwa Belyse. "Ule wa gauni nyeupe? Wa Kaberebere? Mwezi muzima minamungojea!"