Kitabu cha Rubani Shimoni

Kila Ijumaa asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kumwagilia miche, wanafunzi wa shule moja ya msingi huko Kasulo, wilayani Ngara, walikaa kwenye nyasi kusikiliza kitabu kikisomwa. Kilikuwa kimoja tu kwa shule nzima. Mwandishi wake alikuwa Kapteni Nshoma, rubani aliyerusha ndege za abiria kwa miaka mingi, na sasa alileta dawa za wakimbizi wa kambi ya jirani. Humo alisimulia alivyochunga ng'ombe utotoni, alivyofeli mtihani wake wa kwanza wa urubani, na alivyotua salama siku ukungu ulipofunika milima yote. Nakala hiyo aliwapa yeye mwenyewe.

Msomaji alikuwa Tecla wa darasa la sita. Alikuwa na sauti nzuri, na alilijua hilo bila kuambiwa. Watoto wadogo walimwita "Kapteni" njiani, naye akawaacha waite.

Kisha akaja Speciose. Alivuka mto Kagera pamoja na wakimbizi wengine, lakini hakukaa kambini, kwa sababu shangazi yake, Bi Francisca, alikuwa ameolewa pale kijijini. Alipofika alijua salamu tu za Kiswahili. Baada ya mwaka mmoja alikisoma vizuri kuliko wenyeji wengi. Ijumaa moja Tecla alipougua mafua, Mwalimu Danstan alimpa Speciose kitabu. Aliposoma habari za ule ukungu, hata wavulana wa darasa la saba, ambao hawatulii hata kanisani, walikaa kimya.

Jumatatu iliyofuata mwalimu akatangaza, "Ijumaa hii Kapteni Nshoma mwenyewe atakuja kutusikiliza. Atakayesoma ni Speciose. Achukue kitabu nyumbani akajiandae."

Roho ilimuuma Tecla. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuwa amekuja, na mwenyeji ndiye aliyekuwa akiugua. Usiku alilala akimchukia Speciose, na asubuhi aliamka akimchukia zaidi.

Jumanne jioni walikutana kisimani. Speciose aliweka mfuko wake wa daftari juu ya jiwe, akashuka kuteka maji. Tecla akachomoa kitabu, akakificha ndani ya sweta, akajitwika ndoo yake na kuondoka.

Nyumbani kulikuwa na shimo la kuvundikia ndizi, limetandikwa majani makavu ya mgomba. Baba yake, Mzee Alfonce, alikuwa akisubiri ndizi za mjomba ziletwe mwisho wa wiki, zivundikwe na kukamuliwa pombe ya kwenda kumposea Ansbert, kaka yake Tecla, huko Mbuba. Tecla alikisukuma kitabu chini ya majani. Alipanga kukirudisha kimyakimya, Kapteni Nshoma akishaondoka.

Lakini mjomba aliwahi. Jumatano Tecla alipotoka shuleni alikuta shimo limejaa ndizi na kufukiwa udongo.

"Mama, tutalifungua lini?" aliuliza.

"Jumatatu. Na mtu asiliguse! Joto likitoka kabla ya siku zake, ndizi zinadumaa, hazikamuliki tena."

Alhamisi mwalimu, aliposikia kitabu hakionekani, alimsimamisha Speciose mbele ya shule nzima. "Kitabu kiko wapi?"

"Nilikiweka kwenye mfuko, mwalimu. Sijui kilikokwenda."

"Amekiuza kambini!" Modestus wa darasa la saba alipaza sauti, na wengine wakacheka.

Speciose akageuka. "Tecla, tulikuwa wote kisimani. Waambie, nilikuwa nacho."

Tecla akatazama vidole vya miguu yake. "Sikuona," akasema.

"Basi kesho uje na shangazi yako," mwalimu akamwambia Speciose. "Kisipoonekana, itabidi uondoke hapa, ukasome shule ya kambini."

Speciose hakulia. Aliendelea kumtazama Tecla, na hilo ndilo Tecla hakuweza kulivumilia. Siku nzima hakusikia somo lolote. Jioni chakula kilimshinda. Akamfuata baba yake aliyekuwa akinoa panga.

"Baba, nimeiba kitabu cha shule. Kiko shimoni, chini ya ndizi. Kesho watamfukuza Speciose."

Mzee Alfonce aliweka panga chini. Mama akashika kichwa. "Baba Ansbert! Tukilifungua, wakwe tutawaambia nini?"

"Tutawaambia ukweli," alijibu. Akamgeukia binti yake. "Lete jembe. Utalifukua wewe."

Tecla alifukua huku kaka yake akimtazama. Ndizi zilitoka zikiwa bado ngumu. Kitabu kilitoka mwisho, jalada limejikunja na kurasa zimelowa utomvu.

Ijumaa asubuhi, kabla Kapteni hajafika, Tecla alisimama mbele ya shule nzima akiwa na baba yake. "Speciose hakuuza kitabu. Nilikiiba mimi kwa wivu. Nikadanganya kwamba sikuona."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Danstan alimwendea Speciose na Bi Francisca. "Nisameheni. Nilihukumu kabla ya kuchunguza," akasema mbele ya wote.

Kapteni Nshoma alipofika alisimuliwa yote. Alikifungua kitabu kwa uangalifu, akampa Speciose, naye akasoma. Tecla alikaa nyuma kabisa. Alisikia makofi yakipigwa, na bado yalimuuma kidogo, lakini naye alipiga.

Baadaye alimfuata. "Nisamehe, Speciose."

"Ungeniambia, tungesoma kwa zamu," Speciose alijibu. "Kitabu si neno. Lakini nilikuita unitetee, ukasema hukuona." Akamshika shangazi yake mkono, wakaenda zao.

Tecla akaanza kulia. Mzee Alfonce alimsubiri mpaka akatulia.

"Mwanangu, kusoma kwake vizuri hakukukupunguzia wewe kitu," alisema. "Wivu ndio uliokupunguzia. Ndizi tutavundika nyingine, na Ansbert atangoja. Lakini jina la mwenzako likichafuliwa, halisafishwi kwa neno moja la samahani. Kila aliyesikia kwamba ni mwizi, yakupasa umfikie umwambie si kweli."

"Wote, baba?"

"Wote. Tunaanza na kisimani, jioni hii, watu wakiwa wengi."