Maji ya Jumapili

"Dada, samahani. Hebu waweke hawa kifuani."

Odessa Pettway aligeuka. Alikuwa ameingia ukumbini kukimbia theluji tu, basi lake limechelewa dakika arobaini, na sasa mwanamume asiyemjua alikuwa anamnyoshea mfuko wa plastiki uliojaa maji, na ndani yake samaki wawili wadogo wenye mikia kama vitambaa vya hariri.

"Niwaweke wapi?"

"Ndani ya koti. Hita ya ukumbi imekufa. Mimi nimeshajaa." Akafungua jaketi lake kumwonyesha. Kweli alikuwa amejaa: mifuko minne kushoto, mitatu kulia, kama mwizi wa sokoni.

"Samaki ninaowajua mimi hukaangwa na unga wa mahindi."

"Hawa ukiwakaanga hutapata hata wa kujaza jino. Shika, mama, wanapata baridi."

Akawashika. Wakamtetemekea juu ya moyo.

Ulikuwa mnada wa Januari wa chama cha wafuga samaki wa mapambo wa Port Ansel, katika ukumbi uliojengwa na wafanyakazi wa kiwanda cha chuma kwa makato ya mishahara yao. Kiwanda kilifungwa Ijumaa moja, wenye mali wakaondoka na mitambo, wakaacha ukumbi, ziwa, na wanaume elfu nne wasiojua wafanye nini na mikono yao. Wengine walikunywa. Mmoja wao, baba wa huyu mwenye jaketi, Vernell Boykin, alifuga samaki.

Vernell alikuwa na miaka arobaini, mrefu, ndevu zimeanza kuingia mvi kidevuni, kofia ya sufu ya bluu iliyotoboka sikioni. Odessa alikuwa na thelathini na sita, mfuaji wa mashuka hospitalini, midomo ameipaka rangi ya zabibu hata kwa safari ya basi, maana alikula kiapo kwamba umaskini hautamkuta hajajipamba.

"Hawa wanaitwaje?" aliuliza.

"Gapi. Lakini hawa ni Wekundu wa Boykin. Baba aliwachagua kizazi kwa kizazi, miaka thelathini na mmoja, mpaka mkia ukatoka rangi ya chuma kinapoyeyuka. Hawapatikani pengine duniani."

"Na unawauza?"

"Nauza madume. Jike hatoki nyumbani. Baba hakumpa mtu jike hata mara moja, mpaka anakufa."

"Bahili."

"Sana," Vernell alisema, akacheka. Basi la Odessa likapita dirishani, na hakuna aliyelitazama.

*

Odessa alitaka samaki wiki ileile. Vernell akakataa.

"Tangi jipya ni sumu, Dessa. Samaki anakojoa humo humo anamovuta pumzi. Lazima maji yaive kwanza, vijidudu vizuri viote kwenye chujio, vipate kuula uchafu. Ukiweka samaki leo, Jumapili utazika."

"Sasa nikae natazama maji matupu?"

"Utazame na mimi."

Ndivyo alivyotongozwa. Vernell alimletea kipande cha sponji kichafu kutoka chujio la baba yake, akakipachika katika chujio lake jipya kwa heshima kama anavisha pete, akamwambia, "Hiki usikioshe kwa maji ya bomba hata siku moja. Kisuuze kwenye maji ya tangi lenyewe." Jumatano kwa Jumatano, siku ya mapumziko ya Odessa, walitia matone ya dawa ya kupimia sumu kwenye kichupa cha maji ya tangi wakatazama rangi. Kijani, bado. Kijani hafifu, bado. Kati ya rangi na rangi kulikuwa na kuku wa kukaanga, na miguu ya Odessa juu ya mapaja ya Vernell.

"Bwana Ndoo," Odessa alimwita, kwa sababu ya ndoo. Kila mfugaji wa zamani mjini alijaza maji ya bomba kwenye ndoo, akayaacha yalale usiku kucha ili klorini ipae. Madukani kulikuwa na chupa ya dawa iliyofanya kazi hiyo kwa dakika moja, lakini Vernell hakutaka hata kuisikia.

"Wanatuuzia hewa, Mama Sabuni. Baba alilaza maji miaka thelathini na mmoja. Umeona alikufa samaki?"

Mwezi Machi rangi ikatoka njano: maji yameiva. Wakashuka chini ya nyumba ya Vernell, kwenye matangi ishirini na saba yaliyopangwa ukutani kama maktaba. Akamfundisha kuchagua: anayekuja kioo kukusalimia, mapezi yamefunguka, tumbo si bonde. Odessa akaonyesha kajike kamoja kamejikunja pembeni.

"Huyo mgonjwa. Anayeanza huchagua kwa huruma, na huruma huua tangi zima."

"Mimi pia nilikuwa pembeni pale ukumbini."

"Wewe ulikuwa umepaka midomo."

Kisha Vernell akatwaa wavu, akateka madume wawili, halafu majike wanne wazima, mmoja mmoja. Odessa alikwisha kufahamu. Wanaume watatu walikuwa wamewahi kumwambia wanampenda, na hakuna aliyempa kitu ambacho baba yake mwenyewe alikataa kuupa ulimwengu mzima.

"Kidogo tu chakula, mara moja kwa siku," Vernell alisema bila kumtazama. "Kiasi cha jicho la samaki. Na Jumatano nusu ya maji. Mimi hubadilisha Jumapili nikitoka kanisani, kama mzee."

*

Jumatatu ya pili ya Juni ofisi ya maji ya mji ule ilibadilisha dawa. Badala ya klorini tupu, ikatia klorini iliyochanganywa na amonia, kwa sababu hukaa muda mrefu ndani ya mabomba mabovu ambayo hawakutaka kuyabadilisha. Dawa hiyo haipai. Uilaze usiku mmoja, uilaze wiki, imo. Binadamu akinywa haimdhuru. Samaki humuunguza mashavu mpaka akose pumzi ndani ya maji. Hospitali iliandikiwa barua miezi miwili kabla. Wananchi waliandikiwa nyuma ya bili ya Aprili, chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa chawa, baada ya tangazo la kuegesha magari.

Jumatano Odessa alibadilisha nusu ya maji, maji yaliyolala ndooni usiku kucha kama alivyofundishwa. Alhamisi asubuhi wote sita walikuwa wanaelea chali juu ya maji, wamekufa.

Jioni Vernell alikuja na nguo za kazi. Hakumkumbatia. Aliinama akatoa sponji, akainusa.

"Umeiosha kwa bomba."

"Sijaiosha."

"Dessa, majike wanne. Niambie ukweli tu."

"Ukweli ndio huo. Nimefuata neno kwa neno."

"Basi umewalisha kupita kiasi. Mtu anaua kwa mapenzi, nimeona sana."

"Umeona sana nani? Unanitazama kana kwamba nimekuibia."

"Baba hakumpa mtu jike," Vernell alisema polepole, "na sasa najua kwa nini."

Neno lilimtoka. Angeweza kulirudisha palepale, mlangoni. Hakulirudisha.

*

Ijumaa Odessa alipanda ghorofa ya tatu kuchukua mashuka machafu kwenye wodi ya figo, wanakosafishwa damu. Nesi Ocampo alikuwa anakagua mitungi mipya ya makaa ya kuchujia maji iliyofungwa kwenye bomba.

"Ya nini hii?" Odessa aliuliza.

"Maji yamebadilika tangu Jumatatu, mpenzi. Dawa mpya. Ikiingia kwenye mashine wagonjwa wangu wanakufa, ndiyo maana tukapewa taarifa mapema. Hata samaki huua. Mjomba wangu kule Toledo alipoteza wote."

"Ukilaza maji usiku?"

"Hata ukilaza mwezi. Mpaka ile chupa ya dukani."

Odessa alikaa juu ya mfuko wa mashuka. Kwanza ilimjia furaha mbaya: hakuwa yeye. Ni Bwana Ndoo na mafundisho ya baba yake. Kisha akakumbuka Jumapili, na matangi ishirini na saba.

Akapiga.

"Eeh," Vernell aliitika. Mashine za kazini kwake zilinguruma nyuma ya sauti.

"Nina kitu cha kukwambia."

"Kama ni sponji, Dessa, mimi sina la kuongeza."

"Huna la kuongeza?"

"Nimelala saa mbili tu. Sema unachotaka."

Alitaka aambiwe samahani. Neno moja, kisha angemwambia yote. Akangoja, simu sikioni, huku mashuka yakinuka dawa na damu. Upande wa pili palikuwa na ngurumo tu.

"Hakuna," alisema, akakata.

Tusimwonee. Maisha yake yote Odessa alikuwa wa kwanza kuomba radhi: kwa wasimamizi, kwa wenye nyumba, kwa wanaume waliomkosea wao. Mara hii moja alikuwa na haki mkononi, nzima, na akataka kuishika kidogo kabla ya kuitoa.

Jumamosi Vernell alipiga mara tatu. Odessa alitazama jina likiwaka mezani na kuzimika. Naye aonje utamu wa kungoja, alisema moyoni. Jumapili nitakwenda mwenyewe, saa sita, kabla hajatoka kanisani, nimkute mlangoni na chupa mkononi. Jioni ile akanunua chupa kubwa kuliko zote dukani.

Jumapili alivaa gauni la kijani lililombana kiunoni na hereni za dhahabu za mama yake. Alipaka midomo. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kushinda.

*

Mlango wa Vernell ulikuwa wazi. Alisikia pampu chini, akashuka ngazi.

Vernell hakwenda kanisani. Alikuwa amekaa sakafuni, suruali imelowa mpaka magotini, mapipa ya maji aliyoyalaza Jumamosi yakiwa matupu pembeni yake. Alikuwa amebadilisha maji alfajiri. Ukutani, tangi baada ya tangi, mikia ya rangi ya chuma ilikuwa imejaa juu ya maji, midomo inafunguka na kufumbika hewani. Kwenye matangi mengine haikufunguka tena.

"Nilianza mapema," alisema, bila kuuliza amefikaje. "Nilitaka nimalize nije kwako kabla ya chakula. Nimekutengea majike wengine, wale pale."

Odessa alishafungua chupa. Alimimina tangi la kwanza, la pili, la tatu, mikono ikimwaga nje, gauni likilowa. Vernell akaona, akaelewa nusu, akanyanyuka akashika chupa akamimina yale ya juu. Wakakimbizana bila neno kutoka tangi hadi tangi. Kufikia saa saba hapakuwa na cha kukimbilia. Walipona kambare wadogo wa tangi moja. Mwekundu wa Boykin hakupona hata mmoja, wala nje ya nyumba ile hakuwako jike wa kuwarudisha.

"Ni maji," Odessa alisema. "Wamebadilisha dawa. Haipai. Walituandikia nyuma ya bili."

Vernell alikwenda kwenye droo, akapekua, akapata bili ya Aprili. Akasoma, uso umeisogelea karatasi. Akaisoma tena.

"Washenzi," alisema taratibu. "Baba yangu wamempa kansa, kiwanda wamekibeba, na hawa pia." Kisha akamgeukia, macho mekundu. "Na wewe nikakuita muuaji. Dessa, mimi ni mpumbavu. Nisamehe."

Lilikuwa ndilo lile neno. Alikuwa amemnyoshea mikono pia, yote miwili, imelowa. Ilibaki Odessa aingie humo na wawili hao wailaani ofisi ya maji pamoja mpaka uzee, na ofisi ilistahili. Hakuna ambaye angejua.

"Vernell, nilijua tangu Ijumaa."

Mikono ilibaki hewani.

"Ulijua nini?"

"Maji. Nesi aliniambia. Ndiyo nilikupigia."

"Ukasema hakuna."

"Nilitaka uniombe radhi kwanza."

"Na jana nilipiga mara tatu."

"Nilizihesabu."

Pampu ziliendelea kupuliza mapovu katikati ya maiti. Vernell alishusha mikono akaifuta kwenye suruali, ingawa suruali ilikuwa mbichi.

"Nilipiga kukuomba radhi," alisema. "Zote tatu." Halafu, "Kwa nini umeniambia? Nilishapata wa kumlaumu."

"Kwa sababu ungenipenda bila kujua unampenda nani."

Vernell alimtazama kama mtu anayetafuta hasira na kukuta nafasi yake tupu.

"Nenda nyumbani, Dessa."

"Nikusaidie kuwatoa."

"Hawa ni wa mzee. Nitawatoa mwenyewe."

*

Mwisho wa mwezi walikutana kwenye kikao cha ofisi ya maji, kila mmoja amekuja peke yake. Wananchi hupewa dakika tatu. Vernell alisema zake, sauti ikikatika. Odessa alisema zake: hospitali ilijua lini, bili iliandikwa wapi, yeye aliambiwa siku gani. Hakuziruka siku zake mbili. Mwenyekiti aliwashukuru, akatazama saa, akasoma jambo lililofuata, ambalo lilikuwa rangi ya uzio mpya wa bwawa.

Nje Vernell alimsubiri kwenye ngazi. Alikuwa amekonda. Alikuwa amenyoa ndevu, na kidevu kilionekana cha mtu mgeni.

"Hukulazimika kuzitaja zile siku mle ndani," alisema.

"Najua."

"Nakupenda. Sijui niseme nini zaidi. Ila nikikutazama nasikia pampu."

Odessa aliitikia kwa kichwa. Alitaka kumgusa kidevu, akajizuia.

"Usinipigie," Vernell alisema.

"Sitapiga."

"Nikipiga mimi, pokea."

"Nitapokea mlio wa kwanza."

Alishuka ngazi akaenda upande wa ziwa. Odessa alirudi kazini. Katika chumba cha kufulia mashine kumi na mbili hunguruma tangu asubuhi mpaka jioni, mtu hasikii hata jina lake, kwa hiyo aliitoa simu mfukoni mwa aproni akaishonea mfuko mwingine kifuani, ili ikitikisika aihisi. Julai ikapita. Agosti ikapita. Ziwa likaanza kuganda kingoni, na bado alivaa aproni ileile, simu kifuani.