Jicho la Gerimani

Kila mara mke wa Fundi Waya alipoingia chumba cha mbele, televisheni ilififia. Akitoka, inanawiri. Mchana kweupe, dirisha lile lile, mwanga ule ule.

Mumewe alimtania kwamba labda amenenepa, anaziba dirisha. Kisha akamweleza: ni transista ya zamani, kidude cha redio chenye madini ya gerimani, iliyo ndani ya kichupa cha kioo kilichopakwa rangi nyeusi. Aliikwangua rangi ili mwanga uingie, akaiweka mbele ya televisheni iwe jicho. Chumba kikiwa na giza, mwanga wa picha unapungua, kikiwa na nuru, unaongezeka. Televisheni yenyewe iliachwa na mteja, mwanamke mwenye bangili, ambaye hakurudi tena.

Lakini dalili ya mvua ni mawingu, naye mke mawingu aliyaona. Gerimani haipendi joto, kwa hiyo kila mara fundi aliinama akaipuliza taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto. Mke akashikwa na wivu. Yeye aliugua homa wiki nzima, nani alimpuliza? Na mbona chumba kilinukia marashi yasiyo yake?

Siku fundi alipotoka kununua waya, mke alichukua brashi na rangi nyeusi, akalipaka lile jicho mpaka likazibika. Picha ikazimika. Akacheka peke yake.

Marashi yakazidi, yakampanda puani hadi machozi yakamtoka, na ndani ya kioo cheusi cha televisheni zikalia bangili, kisha ikasikika pumzi ndefu ya mtu aliyekatizwa usingizi, na mke akageuka kukimbia, lakini kabla hajafika mlangoni sauti ikamfikia sikioni, ya upole mno:

"Umenifumba jicho, mke mwenzangu. Basi nitatumia macho ya mume wetu."

Mlango ukafunguliwa. Fundi akaingia na waya begani.

"Mume wangu," mke alinong'ona, "tutoke humu."

Fundi alimtazama kama anayetazama ukuta mtupu. Mke akamshika mkono. Fundi akajikuna tu pale aliposhikwa, akavuta kiti mbele ya televisheni na kutabasamu.

"Mke wangu," akakiambia kioo, "umeshindaje?"

Na kutoka ndani ya kioo, mke akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu:

"Nimeshinda salama. Nilikuwa nakusubiri."