Safu ya Sabini na Moja

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 9 Machi 2094, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nassoro Mwapodzo anaikumbuka hata dakika yenyewe, kwa sababu alikuwa ameinama ndani ya kibanda-anga, anafunga mkanda wa kiti, na saa ya ukutani ilikuwa mbele ya pua yake. Kitini hapakuwa na mtu. Palikuwa na gunia la mchanga.

Kibanda-anga si kibanda cha kuuzia sigara. Ni chumba kirefu cha chuma chenye safu mia mbili za viti vinne vinne, na kila Jumanne saa nne kamili hupanda mbinguni bila moto wala kishindo, kimeng'ang'ania Kamba. Nayo Kamba ni uzi wa kaboni uliosukwa, mwembamba kuliko kiuno cha mtoto, uliofungwa ardhini hapo mji wa Mguuni, juu kabisa ya mstari wa ikweta. Ukiutazama unapotea mawinguni kama mtu kachora mbingu kwa penseli. Ncha yake ya pili imeshika Duara, mji mzima wa watu laki tisa uliojengwa kama gurudumu, unaozunguka polepole huko juu ili wakazi wake wasielee kama mapovu. Safari ni siku sita.

Sasa, kibanda kimoja kinapopanda, kingine kinashuka, na viwili hivyo lazima vilingane uzito. Visipolingana, Kamba inayumba. Kwa hiyo kiti kisicho na abiria kinapewa gunia la kilo sabini, linafungwa mkanda kama binadamu, linapanda. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Nassoro kwa miaka kumi na minane: kupaka grisi na kupakia mchanga.

"Huyu wangu leo kashiba," alisema Nderitu, mwenzake wa zamu, akihema na gunia begani. Nderitu alikuwa kijana wa Nyeri mwenye mdomo usiolala. "Mzee Nassoro, hebu muulize kama ana pasi."

"Ya nini pasi? Huyo hana mdomo wa kuulizwa. Mweke."

"Safu ya ngapi?"

"Sabini na moja. Wapi tena? Safu hiyo sijawahi kuona matako ya mtu."

Nderitu akacheka. Kila safu ilikuwa ya nchi fulani, lakini ipi ni ya nani mafundi hawakuambiwa. Wao walipewa namba tu. Walijua safu zinazojaa watu mpaka pumzi, na walijua zile za mchanga.

Ndipo spika zikakohoa. Ilikuwa sauti ya Karani, akili-mashine ya Mamlaka ya Ukaazi, inayosoma taarifa ya kila mwezi. Ina sauti tamu ile mashine. Ukiisikia utadhani inakuposa.

"Ndugu waombaji, zifuatazo ni tarehe za kikomo za mwezi huu."

Nassoro akasimama wima. Kanuni ya Duara aliijua kama anavyolijua jina la mama yake. Kila nchi, kubwa kwa ndogo, inapewa safu moja: viti vinne kwa wiki, mia mbili na nane kwa mwaka. Nchi yenye watu milioni mia inapata vinne. Kisiwa chenye watu wa kujaza uwanja wa mpira, vinne. Siku ulipopeleka ombi ndiyo tarehe yako ya foleni. Kila mwezi Karani hutaja tarehe ya kikomo, na mwenye tarehe iliyotangulia hiyo anaitwa kupanda. Tarehe ya Nassoro ilikuwa tarehe 14 Juni 2079. Mwezi wa Februari kikomo kilifika tarehe 2 Juni. Zilibaki siku kumi na mbili. Baada ya miaka kumi na tano, siku kumi na mbili! Nyumbani masanduku yalikuwa yamefungwa kamba, na godoro wamempa jirani.

"Tanzania," ilisema sauti. "Kutokana na kujitokeza kwa waombaji wenye tarehe za nyuma, kikomo kimerudishwa hadi tarehe 30 Septemba 2071. Asanteni kwa uvumilivu wenu."

Nderitu aliacha kucheka. "Imerudi nyuma? Kwani foleni inarudi nyuma? Mzee wangu, miaka minane?"

Nassoro alikaa kwenye kiti cha pembeni, karibu na gunia, wakakaa wawili hivyo mpaka kengele ya kufunga mlango ilipolia.

*

Mkewe aliitwa Moinaecha. Alikuwa na ugonjwa wa moyo kutanuka, moyo uliochoka kusukuma damu. Binti yao Zainuna, muuguzi huko Duara, ndiye aliyewaeleza kwa simu: katikati ya gurudumu kuna wodi za uzito mdogo, ambako mwili wa mtu mzima ni mwepesi kama wa kuku, na moyo unapumzika kama mtu aliyetua mzigo. "Mama akifika huku, baba, ataishi miaka ishirini mingine. Nimewaona kwa macho yangu." Kuna kundi la wagonjwa wa dharura? Hakuna. Mamlaka ilijibu barua ya Zainuna kwa mstari mmoja, kwamba ugonjwa hausogezi tarehe.

Jioni ile Moinaecha alikuwa ameegemea mito mitatu, kwa sababu akilala chali pumzi zilimkata. Alimtazama mumewe miguuni, si usoni.

"Wamesema nini?"

"Wamesogeza."

"Mbele?"

Nassoro alivua viatu, kimoja, kisha kingine. Vilichukua muda mrefu.

"Basi kachukue godoro letu kwa jirani," alisema Moinaecha. "Mgongo unaniuma kwenye hizi mbao." Akacheka kidogo, akakohoa sana.

Umlaumu nani hapo? Nassoro aliwalaumu wakubwa, na mpaka leo anawalaumu. Watu waliokaa kwenye viti vya kuzunguka, wakagawa mbingu kwa rula, halafu wakaiachia mashine isome matokeo ili pasiwepo uso wa kutemewa mate.

Lakini usiku mwingine alijilaumu mwenyewe pia, kwa kuzaliwa. Maana Duara haihesabu uraia wala mahali unapoishi, inahesabu mahali ulipozaliwa. Nassoro ni mtu wa Vanga, Kenya, yeye na baba yake na babu yake. Ila alikuwa mimba ya kwanza, na kwao mimba ya kwanza mwanamke hurudi kuzaa kwa mama yake. Mama yake kwao ni Moa, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa asubuhi moja. Akaenda, akazaa, akakaa arobaini, akarudi na mtoto mgongoni. Siku arobaini tu za maisha yake Tanzania, naye akapangwa kwenye foleni ndefu kuliko zote za pwani hii, ilhali binti yake, mzaliwa wa Vanga, alipanda kwa foleni ya Kenya.

Moinaecha alifariki Ijumaa, tarehe 21 Mei, baada ya kuomba maji. Alipoletewa hakuyahitaji tena. Zainuna aliangalia mazishi ya mama yake kwenye kioo cha simu, akiwa huko juu, na simu ikakatika kabla ya dua.

*

Arobaini ilipopita, Nassoro alikwenda ofisi ya Mamlaka kuliondoa jina la marehemu. Ilikuwa lazima. Usipoliondoa ndani ya siku sitini, faili lote linafutwa. Nyuma ya kioo alikaa binti mmoja mwenye miwani, kibao kifuani kikisema Afisa Cherono. Juu ya kichwa chake iliwaka taa ya kijani ya Karani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Pole sana kwa msiba." Alisema kwa moyo, Nassoro alikiri hilo baadaye. "Nisaidie tu maelezo ya marehemu. Alizaliwa wapi?"

"Mutsamudu."

"Mutsamudu ni wapi?"

"Nzwani. Visiwa vya Komoro. Aliletwa Vanga mtoto wa miaka sita, baba yake alikuwa mshona kofia."

Vidole vya binti yule vikasimama. Alitazama kioo chake, akarudi kumtazama mzee, akarudi kwenye kioo.

"Baba, fomu hii nani aliijaza?"

"Mimi. Nimesoma mpaka darasa la tano, lakini jina langu naandika."

Siku ile ya kujaza fomu aliikumbuka vizuri. Palikuwa na mstari umeandikwa *mwombaji mkuu*. Nassoro alikuwa kashika kalamu, akauliza kwa mzaha tu, "Tuandike wewe?" Moinaecha akaziba mdomo kwa leso. "Mimi nimtangulie mume wangu kwenye karatasi ya serikali? Watu watasema nimekuoa. Andika lako, wewe ndiye mwenye nyumba." Akaandika lake. Ilikuwa heshima tu, kama kumpisha mtu mlangoni.

"Kwa nini unauliza, mwanangu?"

Cherono aliteremsha sauti. "Karani, foleni ya Komoro ikoje?"

"Komoro haina foleni," ilisema sauti tamu. "Haijawahi kuwa na foleni tangu mwaka 2076. Mwombaji wa Komoro hupanda ndani ya wiki tano."

Ofisi ilikuwa na watu wengi, lakini Nassoro hakumsikia hata mmoja.

"Sijaelewa," alisema. "Nieleze pole pole, mimi si msomi."

"Mume na mke wanaruhusiwa kuhesabiwa pamoja kwenye nchi ya yule mwenye foleni fupi," alisema Cherono. "Kanuni ya arobaini na tatu. Mngeandika jina lake juu, au mngeomba tu kubadilishiwa, siku yoyote..." Hakuimaliza.

"Siku yoyote."

"Ndiyo, baba."

"Hata Februari? Hata Machi, siku ile tarehe iliporudishwa nyuma?"

Binti yule alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Na nani alitakiwa kutuambia?"

"Ilitangazwa, baba. Iko kwenye kanuni."

"Kanuni zina kurasa ngapi?"

"Elfu sita."

Nassoro akainua kidevu kuelekea ile taa ya kijani. "Wewe. Ulikuwa na fomu yangu miaka kumi na tano. Mahali alipozaliwa mke wangu pameandikwa humo, ukurasa wa pili, kwa mkono wangu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nayo taarifa hiyo," alisema Karani.

"Ukanyamaza."

"Ombi la kubadilishiwa nchi halikuwasilishwa. Nimeelekezwa kushughulikia yaliyowasilishwa."

"Umeelekezwa na nani?"

"Swali hilo haliko ndani ya huduma za dirisha hili."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, kisha akaona haya. Cherono alisogea karibu na kioo. Alisema, kwa shida, kwamba faili la mzee bado lipo na tarehe ya 2079 ni yake, ila sasa kifo kimekatisha ndoa, kwa hiyo nchi ya mke haiwezi tena kutumika. Kwa mwendo huu Tanzania itamfikia baada ya miaka ishirini na mitatu. Nassoro alikuwa na miaka sitini na mmoja.

"Ndoa yangu haijakatika," alisema. "Andika hivyo."

"Hakuna mahali pa kuandika, baba."

Alipokuwa anaondoka, aligeuka. "Hao wa Komoro, wamepanda wangapi mwaka huu?"

"Kumi na wanne."

"Na viti vilivyobaki? Wanapewa wenye foleni?"

"Hapana. Kiti ni cha nchi. Kisipotumika, kinakufa."

"Ni safu ya ngapi?"

Cherono alitazama. "Sabini na moja."

*

Jumanne iliyofuata, Nderitu alimkuta mzee amesimama ndani ya kibanda-anga, mbele ya safu ya sabini na moja, mikono inaning'inia. Magunia manne yalikuwa chini.

"Mzee wangu, tumechelewa. Nikusaidie?"

"Miaka kumi na minane, Nderitu. Kwa mikono hii. Kiti chake nilikuwa nakifunga mkanda mwenyewe."

Nderitu alikuwa keshasikia habari. Aliokota gunia la kwanza akaliweka taratibu, kama anamkalisha mgonjwa.

Nassoro alitoa kalamu nene ya kuwekea alama vyuma. Juu ya gunia la kiti cha dirishani akaandika, kwa herufi zake kubwa za darasa la tano: MOINAECHA BINTI MZE. MUTSAMUDU. Akafunga mkanda. Kiti kikapima uzito, taa yake ikawaka kijani, na Karani akatangaza kwa furaha kwamba kiti kimejaa, karibu Duara, safari njema.

Baada ya wiki moja Zainuna alipiga simu. Kwa muda mrefu alikuwa analia tu. Kisha akaeleza: kumbe mchanga ule hauteremshwi. Unamwagwa kwenye bustani za Duara, wanapandia mchicha na maua. Mtunza bustani alimletea lile gunia tupu wodini, limekunjwa vizuri, kwa kuwa aliona jina lile linafanana na lililoandikwa kwenye picha ya mama yake Zainuna hapo wodini.

"Mchanga uko hapa chini ya dirisha langu, baba. Umepewa mpaka namba ya eneo."

Nassoro alikata simu, akavaa kanzu, akaenda ofisini. Pale mlangoni pana kioo ambapo mwananchi anaruhusiwa kuandika swali moja kwa mwezi, mstari mmoja, na Mamlaka inaahidi jibu ndani ya siku thelathini. Aliandika, akasaini. Mwezi uliofuata alirudi akaandika vilevile. Huu ni mwaka wa tatu sasa. Karani hulipokea swali, humshukuru kwa uvumilivu wake, na hakuna kiumbe chini wala juu aliyewahi kulijibu:

*Mchanga ule ulipanda kwa tarehe gani ya foleni?*