Kifundo cha Sindano ya Bibi

Kila asubuhi mambo yalikuwa yale yale. Mama alimwachia Chapuchapu chai kwenye chupa, akamsogezea beseni, akaenda zake kwenye kazi ya udobi. Bibi aliburuta kiti hadi kando ya kitanda, akashika sindano zake mbili za kufumia na sweta iliyokwisha fika kwapani, na siku ikaanza kujikokota.

Chapuchapu halikuwa jina lake la darasani, lakini ndilo lililomfaa. Alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na wiki tatu zilizopita alishuka ngazi za shule chapuchapu hadi akavunjika mguu. Sasa mguu ulikuwa ndani ya plasta kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti, naye alikuwa ndani ya chumba chenye dirisha moja, linalotazama ukuta wa jirani. Matofali ya ukuta ule alikwisha yahesabu mara mbili. Alijiona yumo kifungoni bila kosa.

Bila kosa? Hapo tuseme ukweli. Siku nne nyuma mguu ulimwasha ndani ya plasta hadi machozi yakamtoka. Daktari alikuwa amemwonya asitie kitu chochote humo. Lakini Bibi alikuwa uani akianika nguo, na sindano moja ilikuwa tupu kitini. Chapuchapu aliigeuza ncha, akaingiza ule upande wenye kifundo, kile kidude cha plastiki kinachozuia vitanzi vya uzi visichomoke. Alijikuna akasikia raha ya ajabu. Alipoivuta sindano, kifundo kilibaki ndani.

Haraka haraka akafinyanga donge la nta ya mshumaa, akalibandika mahali pa kifundo, akairudisha sindano kitini.

Tangu hapo aliishi roho juu. Akisema, Mama atafoka na daktari ataikata plasta. Asiposema, kidude kilimchoma chini ya goti, na tangu jana pale palikuwa pa moto. Na lilikuwapo jambo baya zaidi: nta ilikuwa ikiteleza, na vitanzi vya Bibi vikaanza kuporomoka.

"Vimechomoka sita tena," Bibi alisema akiipapasa sweta. Macho yake yalikuwa na ukungu, hivyo alifuma kwa vidole tu. Akafumua mistari miwili. "Mikono imezeeka, mjukuu wangu. Nadhani hii ndiyo sweta yangu ya mwisho."

Chapuchapu aliutazama ukuta. Aliona aibu hata kumtazama Bibi.

"Hebu nisomee," Bibi akasema. "Ile zaburi ya mtu anayeuliza."

Chapuchapu akafungua Biblia, akaruka moja kwa moja hadi chini, pale mtu yule anapofurahi na kuimba. Akafunga kitabu.

"Umeruka," Bibi akasema.

"Si unapenda pale penye furaha, Bibi?"

"Napapenda sana. Lakini furaha ile ilitoka mahali. Rudi juu."

Akarudi juu. Mtu yule alikuwa akimuuliza Mungu atamsahau mpaka lini, na huzuni hii ataibeba moyoni kila siku mpaka lini. Kwa mara ya kwanza Chapuchapu alisoma polepole.

"Anamwambia Mungu hivi hivi? Mbona hakemewi?"

"Alimwambia yote yaliyokuwa moyoni, ndipo akapata kuimba. Hata mimi leo asubuhi nimemwambia kwamba naogopa. Nisipofuma, nitakaa hapa nifanye nini?"

Chapuchapu hakuweza kuvumilia tena. "Bibi, mikono yako ni mizima. Ni mimi."

Akaeleza yote, kuanzia mwasho hadi mshumaa. Bibi alilikwaruza lile donge kwa ukucha, akalinusa. "Nta," akasema taratibu. "Siku nne nzima, nami nikidhani ni uzee." Kisha akagusa juu ya plasta, akashtuka kwa joto lake, akaomba jirani ampigie Mama simu.

Mchana huo huo daktari aliikata plasta. Kifundo kilianguka sakafuni, na mahali kilipokuwa palikuwa na kidonda kilichoanza kutunga usaha. "Mngechelewa siku mbili, tungekuwa na maneno mengine," daktari alisema. Akasafisha, akafunga plasta mpya, akaongeza wiki mbili. Mama alifoka njia nzima, kisha walipofika nyumbani akamkumbatia mwanawe kwa nguvu.

Asubuhi iliyofuata ukuta ulikuwa pale pale. Wiki zilikuwa nyingi kuliko jana, lakini Chapuchapu alikuwa amelala usingizi mzito, jambo lililomshangaza mwenyewe.

"Nianzie juu?" aliuliza.

"Juu kabisa," Bibi akajibu. Kifundo kilikwisha gundishwa kwenye sindano yake. "Mungu hachoki kusikia mabaya yetu, mjukuu wangu. Ukimficha kidonda, hata maneno yake matamu yatakuwa machungu kwako. Mwambie, kisha uwaambie na watu uliowakosea. Tumaini huanzia hapo."

Chapuchapu akasoma neno kwa neno, mpaka kwenye wimbo. Bibi alimaliza mstari, akapitisha kidole juu ya sindano kuhesabu vitanzi.

"Vyote vipo," akasema, akaanza mstari mwingine.