Nilimvua Jasmin Ushungi kwa Mdomo Wangu

Mzee Mihayo alikivunja kioo cha studio ya picha kwa ngumi...

Damu ikamtiririka mpaka kiwikoni. Akachomoa picha ya binti yake na kuilaza kifudifudi.

"Nani kamvua mwanangu ushungi?"

Jasmin alinitazama, nikageukia barabarani. Wapendwa, ni mimi niliyemvua.

Ilikuwa 1996, Mkuyuni, Mwanza. Wakubwa mnakumbuka studio za enzi zile: picha ikitoka nzuri, mwenye studio anaiweka kwenye kioo cha mbele bila kukuomba. Na Jasmin alikuwa mzuri jamani...

Rafiki yangu huyo alikuwa amepata nafasi ya kusomea unesi Uingereza. Fomu akaniletea mimi, Prudencia, mtoto wa Kihaya niliyejiona nimezaliwa na Kiingereza mdomoni.

"Pru, kwenye picha wanasemaje?"

"Upige bila kofia."

"Mbona mimi sina kofia? Nina ushungi."

Nikacheka. "Shoga, kwa Wazungu ni yale yale. Vua, la sivyo nafasi utaisikia redioni."

Nilikuwa nimesoma gazetini kwamba Ufaransa kuna wasichana waliofukuzwa shule kwa sababu ya ushungi. Kwangu mimi Ulaya yote ilikuwa nchi moja.

"Na baba akijua?"

"Atajulia wapi?"

Akavua.

Siku ya safari alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Shikamoo baba."

Mzee akaendelea kuziba pancha ya baiskeli ya mteja. Jasmin akarudia. Mtoto wa watu akaondoka bila marahaba ya baba, analia njia nzima. Mimi nilimbebea begi, na bado sikusema kitu.

Mwezi mmoja baadaye nikapata barua yake.

"Pru, mwalimu aliyenipokea kavaa ushungi. Nimemuuliza habari ya picha, akashangaa. Kasema kofia ni kofia tu, ushungi wa dini unaruhusiwa. Nenda kamweleze baba ulivyoniambia. Anaamini nilivua kwa hiari yangu."

Nikasema kesho. Kesho ikazaa kesho. Aibu, ndugu zangu. Msomi mzima niende kwa fundi baiskeli kukiri kwamba sikujua nilichosoma?

Mwezi wa tano tangu Jasmin aondoke, Mzee Mihayo akafariki kwa presha.

Msibani mama yake Jasmin akaniita pembeni.

"Prudencia, mume wangu alikuwa anakungoja."

"Alikuwa ananingoja mimi?"

"Jasmin alituandikia. Alisema wewe ndiye uliyekosea kusoma, na utakuja mwenyewe kutueleza. Mzee akasema, Prudencia akija akathibitisha, namwandikia mwanangu siku hiyo hiyo. Kila jioni alikuwa anauliza kama umepita."

Nyumba yetu na yao zilitenganishwa na uchochoro mmoja tu.

Jasmin hakuniandikia tena, na simlaumu. Wewe unayesoma, kama kuna mtu anabeba kosa lako, nenda leo ukaseme. Mimi nilikuwa na miezi minne, na mlango wao ulikuwa wazi.